Sura ya Nne: Vichwa vya Kolo

Kwenye mwamba mmoja wa Kolo, wilayani Kondoa, kuna watu watano waliochorwa kwa rangi nyekundu. Ni warefu mno, wembamba wa viungo, na miili yao imejazwa mistari midogo iliyoteremshwa na mkono uliojua kazi yake. Aliye katikati ameshikwa mikono, huku wawili na kule wawili. Hakuna uso hata mmoja: jicho halipo, pua haipo, mdomo haupo. Juhudi za mchoraji zimekwenda kwenye vichwa. Vimetunishwa, vimerefushwa, na umbo la vichwa vya upande mmoja halifanani na la upande wa pili. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati.

Anayesimama mbele ya mchoro huu kwa mara ya kwanza huwazia cheo upesi. Kichwa kikubwa ni taji, na aliye katikati lazima awe binti wa mfalme. Tafsiri hiyo inavutia, na ni rahisi kuisimulia kwa watoto wa shule. Mimi naamini imekosea, na kukosea kwake kunatufundisha jinsi nchi hii ya kati, kuanzia Ugogo hadi Unyamwezi, ilivyokuwa ikionyesha nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Ila kwanza tuone picha ya cheo inavyokuwa pale ambapo kweli ni picha ya cheo. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu uko mbali sana na Dodoma, kwa Waazteki wa Mexico.

Kwa hesabu yao wenyewe, Waazteki waliuanzisha mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1325 juu ya kisiwa cha ziwani, mahali ulipo leo mji mkuu wa Mexico. Wahispania waliuteka mwaka 1521. Miaka kama 20 baadaye wachoraji wenyeji walitengeneza kitabu ambacho leo kinaitwa Codex Mendoza, kwa jina la Antonio de Mendoza aliyekuwa akitawala huko kwa niaba ya mfalme wa Hispania. Kitabu kilikusudiwa kupelekwa Hispania, lakini kiliangukia mikononi mwa Wafaransa. Msomi wao André Thevet aliandika humo jina lake na mwaka 1553. Baadaye kikanunuliwa na Waingereza, na mwaka 1659 kikaingia katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, ambako kipo hadi leo.

Tufungue kurasa za wafalme. Mfalme ameketi juu ya mkeka wa matete, magoti ameyavuta kifuani, amejifunika shuka jeupe. Kichwani ana taji la feruzi, rangi ya samawati, lenye ncha iliyosimama juu ya paji la uso. Mbele ya mdomo wake kumechorwa kitu kidogo kilichojikunja, nayo ni alama ya sauti: huyu ndiye mwenye neno. Nyuma ya kichwa unatoka mstari mwembamba unaomuunganisha na picha ya jina lake. Chimalpopoca anatambulika kwa ngao inayofuka moshi, na Itzcoatl kwa nyoka aliyeota ncha za jiwe kali mgongoni. Pembeni zimepangwa alama za miji iliyotekwa katika enzi yake, kila mji na hekalu lake linaloungua, paa limeinama, moto unatoka.

Jambo la kushika hapa ni hili: taji lile liliweza kuchorwa peke yake, bila mtu chini yake, na bado likasomeka. Lilisimama badala ya neno "bwana". Jina la Moctezuma, aliyetawala tangu mwaka 1502 hadi alipokufa mwaka 1520 Wahispania wakiwa ndani ya mji wake, liliandikwa kwa taji hilo. Mchoraji hakulitia kichwani kwa ajili ya kupendezesha ukurasa. Aliandika, na msomaji wake alisoma. Mkeka nao ulisomeka hivyo hivyo: aliyechorwa juu ya mkeka wa matete alikuwa mwenye mamlaka, hata kama ukurasa haukusema neno lingine.

Mfumo huo haukuishia kwa wafalme. Katika kurasa nyingine za kitabu hicho hicho tunamwona kijana wa vita akipanda ngazi. Akikamata mateka mmoja anachorwa na shuka la namna fulani, akikamata wawili linabadilika, wa tatu na wa nne nao wana mavazi yao. Mateka anachorwa ameshikwa nywele, na hapo hapo mavazi aliyoyapata mshindi kwa kumkamata. Padri wa Kihispania Diego Durán, aliyekulia Mexico katika karne ya 16, aliandika kwamba sheria ya zamani ilimkataza mtu wa kawaida kuvaa shuka la pamba, na kwamba adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa hiyo mchoraji alipochora shuka, alichora jambo ambalo mitaani lilikuwa na askari wa kulilinda. Hilo ndilo lililoyapa maumbo yale nguvu ya maandishi. Jamii nzima ilikubaliana juu ya maana yake, na asiyekubali alilazimishwa.

Kuna sababu nyingine inayotuwezesha leo kuzisoma picha hizo, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Pembeni mwa picha kuna maelezo ya Kihispania. Wazee wenyeji waliulizwa hii ni nini na huyu ni nani, wakajibu, mkalimani akatafsiri, mwandishi akaandika. Mwishoni mwa kitabu mwandishi anaomba radhi: kazi ilimfikia zikiwa zimebaki siku 10 tu meli ziondoke, na wenyeji walichelewa kukubaliana kuhusu maana za picha. Anakiri pia kwamba hekalu limeitwa msikiti na kuhani ameitwa fakihi, majina ya Waislamu wa Hispania, kwa sababu ndiyo yaliyomjia mkalimani haraka. Tunaona basi kwamba hata pale wenye picha walipokuwa hai na wanaulizwa, msomaji mgeni alitia humo majina ya kwao. Je, pale wasipokuwapo?

Huko Kolo hakuna aliyeandika pembeni. Michoro ya Kondoa imetapakaa kwenye mapango na miamba zaidi ya 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, na mwaka 2006 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watafiti Louis na Mary Leakey waliifahamu tangu miaka ya 1930, na mwaka 1951 walirudi kuinakili. Kitabu cha Mary kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Fidelis Masao, msomi wetu wa Kitanzania, alikuwa amekwisha kuchapisha utafiti wake wa michoro ya nchi ya kati mwaka 1979, na ningependa jina lake litajwe madarasani mara nyingi kama linavyotajwa la Leakey.

Mary Leakey alipowatazama wale watu watano aliona utekaji nyara: wenye vinyago upande mmoja wanamvuta mwanamke, na wenzake upande wa pili wanamzuia asichukuliwe. David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, aliyezoea michoro ya Wasani, aliona jambo tofauti kabisa. Kwake hao walikuwa watu wa ngoma, na anayeshikwa ameanza kupandisha, kama inavyotokea katika simbo, ngoma ya uganga ya Wasandawe. Katika simbo mchezaji huzidiwa, huingia katika hali ya simba, na wenzake humshika. Mwamba ni ule ule na rangi ni ile ile. Mmoja ameona utekaji nyara na mwingine ameona uganga.

Mimi naegemea kwa Lewis-Williams, na sababu yangu inatokana na watu wenyewe. Wataalamu wengi huihusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, watu wa uwindaji wa nchi hii tangu kale sana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana mfalme wala chifu. Mwanaanthropolojia James Woodburn aliwatumia mwaka 1982 kama mfano wa jamii ambayo kwa makusudi kabisa haimruhusu mtu kumtawala mwenzake. Wasandawe nao hawakuwa na mtemi mmoja aliyewatawala wote, na uchifu ulikuja kutiwa nguvu na serikali za kikoloni. Watu wasiokuwa na taji wachore taji la nani?

Hiyo haina maana kwamba vichwa vile havisemi kitu. Nywele husema. Mtazame Mgogo wa karne ya 19 katika maelezo ya wasafiri waliopita Ugogo: nywele zimesukwa vijisuka vingi na kupakwa udongo mwekundu, ndewe za masikio zimetanuliwa na kutiwa mapambo. Ukimwona ulijua ni kijana au mzee, ametoka jandoni au bado, anakwenda ngomani au machungani. Hayo yote ni hali za mtu, na kila mmoja huzipitia kwa zamu yake. Hazimweki juu ya wengine daima. Nadhani vichwa vya Kolo viko upande huo: vinatuambia mtu yuko katika hali gani, pengine amevaa nini kwa ajili ya ngoma gani, na havituambii nani aliamuru nani. Kupenda kujipamba katika nchi hii ni jambo la kale kuliko utemi wowote. Katika pango la Kisese, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni ambazo umri wake unahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Sasa cheo chenyewe kilikuwa wapi? Kilikuwepo, tena kwa nguvu, lakini hakikuchorwa. Kilikaliwa, kilivaliwa, kilibebwa.

Kwa Wagogo, mtemi alikuwa kwanza mlinzi wa ardhi na mvua. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya mambo makubwa ya mwaka, kama kupanda na jando, na yeye ndiye aliyetuma watu kwenda kutafuta dawa mvua ilipochelewa. Alama zake zilikuwa mawe ya mvua na kigoda. Mawe hayo hayakuwekwa hadharani. Yalifichwa, yakatunzwa na ukoo, yakatolewa kwa shughuli yake. Hapo ndipo alama ya mtemi wa Ugogo inapotofautiana na taji la Moctezuma: nguvu ya taji ilikuwa katika kuonekana, na nguvu ya jiwe la mvua ilikuwa katika kutoonekana. Kwa watu wanaolima mtama na kufuga ng'ombe katika nchi ambayo mvua huchagua miaka, aliyeshika mvua hakuhitaji kuwatisha kwa dhahabu.

Kigoda ni kiti cha mti mmoja, kimechongwa kutoka gogo bila kuungwa. Vigoda vilijaa majumbani, kila mzee alikuwa na chake. Kigoda cha utemi kilitofautishwa na historia yake: nani alikikalia kabla, na nani aliruhusiwa kukigusa. Mgeni aliyeletewa vigoda viwili vinavyofanana asingejua kipi ni cha mtemi. Mwenyeji alijua kwa sababu alikuwapo mtemi aliposimikwa, au alisimuliwa na aliyekuwapo.

Kwenda magharibi, Unyamwezini na jirani zake, alama zilikuwa za kuonekana zaidi. Ngozi ya simba ilikuwa ya mtemi, na mwindaji aliyemuua simba aliipeleka ikulu. Pembe za ndovu nazo zilikuwa na fungu la mtemi. Na kulikuwa na kibangwa, ambacho wengine walikiita kiwangwa. Ni kisahani cheupe kilichokatwa kutoka kitako cha kombe la baharini, kikasuguliwa hadi kikawa laini. Ukikigeuza unaona mzunguko wa kombe unaokwenda ukijiviringa kuelekea katikati. Kilitoboliwa, kikatiwa kamba, kikavaliwa shingoni au kichwani. Fikiri safari yake: kimeokotwa Bahari ya Hindi, kimebebwa na wapagazi miezi mitatu, kimeishia kifuani mwa mtu ambaye pengine hakuwahi kuiona bahari. Umbali huo ndio uliokuwa thamani yake. Visahani vya namna hiyo vilienea mbali sana kusini: nchini Zambia huitwa mpande na Zimbabwe ndoro. Mwaka 1854 David Livingstone aliandika kwamba katika nchi za Walunda viwili vilitosha kumnunua mtumwa na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Wafanyabiashara wa Ulaya walipoona hivyo wakatengeneza vya kaure viwandani na kuvileta. Alama yoyote ya cheo inayonunulika hukutwa na jambo hilo.

Nguo pia. Msafara wowote wa karne ya 19 uliotoka pwani kwenda Tabora ulilazimika kupita Ugogo na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi. Richard Burton alilipa, Henry Stanley akalipa mwaka 1871. Merikani na kaniki zilikuwa za watu wote na za kununulia chakula. Mtemi alitaka zenye majina: debwani, sahari, barsati, zenye mistari na rangi, zilizotoka Maskati na Bara Hindi. Viongozi wa misafara walilalamika sana kuhusu watemi kukataa nguo hafifu, na waliandika malalamiko hayo kana kwamba ni tamaa tupu. Ukisoma ukiwa umetoka kwenye kurasa za Codex Mendoza unaona vingine. Sehemu nzima ya kitabu kile ni orodha ya mashuka ambayo miji iliyotekwa ilimpelekea mfalme, kila shuka na mapambo yake. Mtemi wa Ugogo aliyepewa merikani alikuwa ameambiwa, mbele ya watu wake, kwamba yeye ni mtu kama wapagazi. Alipoirudisha alikuwa akitetea cheo.

Mtemi aliyejulikana kuliko wote Ugogo katika karne ya 20 ni Mazengo wa Mvumi. Jina lake lilipewa shule ya sekondari iliyokuwa Dodoma mjini, ambayo majengo yake sasa ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu kwa sheria. Vigoda, ngozi na mikuki vilibaki majumbani bila kazi ya kisheria, vingine vikaenda makumbusho. Lakini sheria haikuweza kuifuta lugha ya vitu hivyo. Mwezi Septemba 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya. Hakuna aliyehitaji maelezo pembeni. Waliokuwapo uwanjani na waliotazama kwenye televisheni walielewa kinachotendeka.

Na Dodoma yenyewe, ndani ya ukumbi wa Bunge, cheo huingia kila kikao kikiwa kimebebwa begani. Ni siwa, fimbo ya mamlaka ya Bunge. Umbo lake na shughuli yake vimetoka katika desturi za Bunge la Uingereza, lakini jina lake ni la pwani yetu, ambako siwa ilikuwa baragumu kubwa la wenye nchi. Aprili 1498 mfalme wa Malindi alipokwenda baharini kumlaki Vasco da Gama, wapigaji wake walipuliza mabaragumu mawili ya pembe za ndovu, marefu kama kimo cha mtu, yenye tundu ubavuni. Siwa ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu bado zipo katika Makumbusho ya Lamu. Zilipigwa katika harusi, jando na mazishi ya wenye haki ya kupigiwa, na asiyekuwa na haki hiyo hakupigiwa hata awe tajiri. Wala siwa haikuhitaji kuchorwa. Ilisikika mji mzima.

Nikirudi Kolo nikiwa na mambo haya yote, naona vichwa vile havina mkeka wa mamlaka chini yake, havina alama ya sauti, havina mstari wa jina, havina miji inayoungua pembeni. Hakuna chochote kinachorudiwa mwamba hadi mwamba kwa utaratibu ule ule, kama taji la feruzi linavyorudiwa mfalme baada ya mfalme. Kuna nywele, kuna mikono iliyoshikana, kuna miili inayoinama pamoja. Anayewavisha taji watu hawa huwanyang'anya jambo adimu kuliko taji, yaani maisha ambayo mkubwa hakuhitajika ili ngoma ichezwe.

Huko huko Kolo kuna pango la Mongomi wa Kolo, ambako wenyeji wa leo, wengi wao wakizungumza Kirangi, bado wanakwenda kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Wao hawakuichora michoro, waliikuta. Katika tambiko pombe hunyunyizwa, na baadhi yake hufika kwenye mwamba wenye picha, jambo linalowatia wasiwasi wahifadhi. Mtafiti wa Kitanzania Emmanuel Bwasiri ameandika kwamba uhifadhi wa Mongomi haujakamilika ikiwa unalinda rangi na kuwaacha nje watu wanaokuja kutambika. Nakubaliana naye kabisa. Mlango wa pango hilo una wenyewe: kuna wazee wanaojua nani aingie, kwa mnyama gani, siku gani. Utaratibu huo ni cheo kilicho hai, na hauonekani katika picha yoyote iliyopigwa Mongomi. Ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo ina kumbukumbu za mapango. Ningetaka kando ya kila pango yaandikwe pia maneno ya wazee wake, kwa Kirangi na kwa Kisandawe, wakiulizwa bila haraka ya meli inayosubiri kuondoka.